Muunga Mifupa wa Kona ya Dizeli

Usta Bahgat, yaani Fundi Bahgat, alikuwa ameshaanza kutafuta mpangaji wa kibanda chake wakati dizeli ilipomwokoa.

Kibanda hicho alikirithi kwa baba yake, na baba yake kwa babu. Kilikuwa kwenye kona ya barabara kuu ya Kafr Zahwan, ng'ambo tu ya kituo cha mafuta cha Haji Zeinhom. Juu ya mlango palichorwa mkono mmoja na mguu mmoja kwa rangi ya kijani, na chini yake maneno: "Tunaunga mifupa na kurudisha viungo." Enzi za baba yake watu walikuja kutoka vijiji vyote vya Delta ya Mto Nile, wengine wamebebwa juu ya milango iliyong'olewa kwenye bawaba. Lakini siku hizi hospitali ya mjini ilikuwa na mashine ya picha, na kijana akiteguka kidole tu alitaka kukiona kwanza kwenye karatasi nyeusi. Usta Bahgat akabaki na bibi vikongwe waliokuja kukandwa mabega na kumsengenyea wakwe zao.

Ndipo yalipokuja malori ya mchanga. Mji mpya ulikuwa ukijengwa upande wa jangwani, na madereva wakagundua kwamba kituo cha Haji Zeinhom kilikuwa mahali pazuri pa kujaza tangi na kunywa chai. Sasa dereva wa lori haamini kwamba tangi limejaa mpaka alione linatapika. Pampu inajikata yenyewe, ta!, kumwambia yatosha. Yeye anasikia matusi. Mkubwa wao katika imani hiyo alikuwa Shinnawi, jitu la shingo nene, ambaye pampu ikishakata alipanda kwenye bampa na kulitikisa lori lake kama mama anayebembeleza mtoto.

"Ongeza!" alimwambia mjazaji. "Lina nafasi bado. Husikii linavyopumua?"

"Limejaa, Usta Shinnawi."

"Limejaa hewa! Nimekuja kununua hewa hapa? Ongeza!"

Basi dizeli ilifika shingoni, ikafurika, ikateremka ubavuni mwa lori hadi chini. Kifuniko cha tangi kilishapotea zamani, kwa hiyo Shinnawi alichomeka tambara pale mdomoni, akapiga honi, akaondoka. Akikata kona mbele ya kibanda cha Bahgat, tangi lilicheua mara ya pili, na lami ikapata sehemu yake.

Petroli ikimwagika ina adabu, jua likitoka inaaga na kwenda zake. Dizeli ni mgeni wa aina nyingine. Hukaa. Huenea polepole ikijipaka rangi za upinde wa mvua, hunywewa na lami mpaka lami yenyewe inalainika na kumeguka kama biskuti kwenye chai, kisha inasubiri manyunyu. Yakishuka manyunyu ya kwanza ya majira ya baridi, kona nzima inakuwa sabuni.

Wa kwanza kuanguka alikuwa mpeleka dawa wa duka la dawa. Pikipiki ilikwenda upande wake na yeye upande wake, akasimamishwa na kizingiti cha Usta Bahgat. Alikuwa na maumivu makali ya kifundo cha mkono na hospitali ilikuwa mbali. Kibanda kilikuwa hapo hapo, tena ameshaingia nusu. Bahgat akamkanda, akamnyoosha, akampaka ute wa yai uliokorogwa na unga, akamfunga vijiti vya kuti la mtende. Mkono ukapona vizuri, kwa maana ufundi wake haukuwa na mchezo. Wiki ile wakaja wengine. Akaja mwalimu wa kike aliyeshuka kwenye basi dogo akaweka kisigino mahali pabaya. Wakaja ndugu wawili wa bajaji. Akaja muuza samaki ambaye samaki wake waliteleza barabarani kana kwamba wamerudishiwa roho.

Kona ikachangamka. Labib akafungua meza ya kuuza vioo vya pikipiki, kwa kuwa hakuna aliyeanguka bila kuvunja kimoja. Jirani yake akauza viatu vya plastiki, maana ukiikanyaga dizeli harufu yake haitoki katika ngozi mpaka kiatu kife, na nyumba nzima inajua ulipopita. Usta Bahgat aliongeza mabenchi mawili, na mkewe Tafida akapata jiko jipya lenye oveni ambalo aliliota tangu arusi.

Bahgat hakuwa mtu mbaya. Hakuwahi kumwomba Mungu watu waanguke. Alimshukuru kwa riziki tu, bila kuingia katika maelezo. Lakini Tafida aliona kwamba mumewe siku hizi alisimama dirishani kila asubuhi, mikono nyuma, anatazama juu.

"Unatazama nini, baba wee?"

"Mawingu."

"Mawingu! Umeanza kulima lini?"

Wapo waliolalamika, ila kulalamika kwa Haji Zeinhom kulihitaji siku nzima na moyo wa jiwe. Haji alikuwa mzee mnene, mpole wa sauti, mwenye elimu yake ya pekee kuhusu dizeli. "Inatuliza vumbi," alimwambia mwalimu wa kike, aliyekuja mkono ukiwa umefungwa. "Inafukuza mbu. Na lami ni nini, binti yangu? Si ni ndugu yake wa tumbo moja? Ndugu hawadhuriani." Malalamiko yalipozidi, aliamuru kituo kioshwe kwa mpira wa maji kila Alhamisi, ili watu waone kwamba anajali. Maji yaliichukua dizeli yote ya kituo, yakaivusha barabara na kuitandaza kwenye kona kwa usawa, bila kubagua. Alhamisi Usta Bahgat hakupata hata nafasi ya kula.

Mambo yalikwenda hivyo mpaka Haji alipoanza kuumwa magoti, akamwita mpwa wake aje kumshikia kituo.

Bi Insaf alikuwa mjane aliyefanya kazi miaka mingi Kuwait, kwenye bohari ya mafuta. Alikuja na sanduku moja na viatu vya kazi vyenye nyayo kama matairi ya trekta. Siku ya kwanza alishuka kwenye gari, akapiga hatua mbili, miguu ikamtoka. Hakuanguka. Aliikumbatia pampu namba mbili, akabaki amening'inia hapo, kitambaa cha kichwa kimemshuka usoni.

"Mjomba," alisema kutoka nyuma ya kitambaa, "hapa mnauza mafuta au mnafundisha kuteleza?"

"Pole, mwanangu. Utazoea. Sisi sote tumejifunza kutembea pembeni pembeni."

"Mimi sina pembeni. Na huo mpira wa maji nani kauleta? Utupeni."

Kesho yake ilikuja bajaji imejaa magunia ya maranda kutoka kwa maseremala, na nyingine ya pumba za mpunga. Bi Insaf alimwaga maranda juu ya madimbwi, akayaacha yanywe, akayafagia, akamwaga tena. Kila pampu ikawekewa ndoo ya maranda na koleo. Kisha akawakusanya wajazaji, akawapa sheria moja: pampu ikikata, imekata. Asiyekuwa na kifuniko cha tangi hapati hata tone.

Shinnawi alipofika alidhani ni utani.

"Ongeza."

"Imekata," alisema Bi Insaf.

"Dada, mimi najaza hapa tangu hujajua dizeli ni nini. Ongeza mpaka niione kwa macho yangu."

"Ukiiona imeshatoka, Usta. Na hiyo inayotoka unailipia wewe. Unalipa kwa jasho lako uoshee barabara ya serikali."

"Ni haki yangu! Pesa yangu, dizeli yangu. Nikitaka niimwage, nitaimwaga!"

"Kaimwage nyumbani kwako, juu ya zulia la mama watoto. Utuletee habari."

Wajazaji walicheka, na Shinnawi akawa mwekundu mpaka masikioni. Lakini kituo kingine kilikuwa mbali, na chai ya hapo aliipenda. Alinunua kifuniko.

Kwenye kona watu waliacha kuanguka. Yakashuka manyunyu ya kwanza, Bahgat akapanga bandeji zake, akakoroga unga na ute wa mayai, akangoja. Pikipiki zilipita, zikakata kona, zikaenda zake. Mchanganyiko ukagandia bakulini. Labib aliketi mbele ya vioo vyake akijitazama katika kila kimoja, uso ule ule wa huzuni.

Wakafanya kikao ndani ya kibanda: Bahgat, Labib na muuza viatu, na Shinnawi kama mgeni wa heshima.

"Mwanamke huyu ataua mtaa," alisema Labib.

"Ni mambo ya Ghuba hayo," alisema Shinnawi. "Kule wana pesa ya kumwagia maranda chini. Sisi tuna kazi."

"Tusiseme hivyo," alisema Bahgat, aliyekuwa na busara kuliko wote. "Tuseme afya. Maranda yana vumbi. Vumbi linaleta pumu. Watoto wetu, jamani, vifua vya watoto wetu!"

Wote wakaguswa sana na vifua vya watoto, hasa muuza viatu, ambaye hakuwa na mtoto. Wakavuka barabara kwenda kwa Haji Zeinhom. Haji aliwasikiliza kwa upole, akawapa chai, akakubali kila neno. Kisha akamwita Bi Insaf. Bi Insaf aliwatazama mmoja mmoja, akafika kwa Bahgat, akatulia hapo.

"Na wewe, Usta Bahgat, wasiwasi wako ni pumu?"

"Pumu tupu, dada yangu."

"Basi maranda nitayanyunyizia maji kidogo yasiruke. Nashukuru kunikumbusha. Mtaa una bahati kuwa na mtu kama wewe."

Bahgat alirudi kibandani masikio yanawaka.

Majira ya baridi yakasonga. Mabenchi mawili yakakaliwa na paka. Tafida alianza kupika vyakula visivyohitaji oveni, na hilo lilimuumiza mumewe kuliko kelele. Bibi vikongwe nao walirudi na mabega yao. Ijumaa moja, mchana wa swala, barabara ilikuwa tupu, kituo kimefungwa kamba, wanaume wote wako msikitini. Sauti ya hotuba ilisikika kwenye vipaza sauti. Bahgat alikuwa amebaki, akisema kwamba tumbo linamsokota.

Nyuma ya kibanda alikuwa na dumu la dizeli ya jiko la kuotea moto. Alichukua birika la chai, akalijaza, akatoka. Akatazama kulia, akatazama kushoto. Kisha akaimimina dizeli kwenye kona, taratibu, kwa mkono wa ustadi, kama anayetia mchuzi juu ya wali wa mgeni. Kidogo tu. Alikuwa amepanga vizuri kichwani mwake: atakuja mmoja wa wale vijana wasioswali, wenye pikipiki za kelele. Atateguka kifundo cha mkono, au akizidisha mwendo, mfupa wa mtulinga. Kitu kinachopona upesi. Hakutaka shingo wala kichwa, na kijana mwenyewe angejifunza kuheshimu Ijumaa. Alirudi mlangoni, akaweka birika kizingitini, akasubiri.

Pikipiki ikasikika kutoka upande wa daraja. Haikuwa na kelele. Ilikuja polepole, imeinama kwa uzito. Mbele juu ya tangi alikaa mtoto wa kiume ameshika vioo. Nyuma yake baba, Mawgud, fundi bomba wa kijiji cha pili. Nyuma ya Mawgud alibanwa binti wa miaka kama mitano, na nyuma kabisa mkewe, amekaa upande, kachanga mkononi, na mapajani sufuria lililofungwa kitambaa. Walikuwa wanakwenda kula mchana kwa wazazi wa mke. Mtoto wa mbele alikuwa anaimba.

Moyo wa Bahgat ulisimama. Kisha ukaanza tena, na miguu ikaanza nayo.

"Simama!" alipiga kelele. "Simama! Simama, wewe mwana wa watu!"

Alitoka mbio, mikono juu, kanzu imejaa upepo kama tanga. Hakukumbuka kutembea pembeni. Unyayo wake ukakanyaga pale alipoimimina dizeli kwa mkono wake mwenyewe, na muunga mifupa akapanda hewani, miguu mbele, akakaa huko juu kwa muda uliotosha kujuta, kisha akashuka. Mlio wa mguu wake aliutambua mara moja. Alikuwa ameusikia maisha yake yote, ila kwa wengine.

Mawgud aliona mtu mzima mwenye mvi anaruka mbele yake akapiga breki mbali na kona. Pikipiki ikayumba, ikasimama. Mama akakumbatia kachanga. Sufuria likatoka mapajani, kitambaa kikafunguka, na bata wa kuoka akaja kwa tumbo juu ya lami, akaingia kwenye dizeli, akateleza mzunguko mzima na kutulia ubavuni mwa Usta Bahgat.

Swala ilikuwa imekwisha. Watu walitoka msikitini wakaikuta picha yote imeshapangwa: kona inang'aa, familia imesimama salama, mzee amelala chini na bata.

"Ametuokoa!" Mawgud alikuwa akilia. "Wallahi, nilikuwa naingia! Huyu mzee amejitupa mbele yangu! Wanangu wote watatu!"

"Mwiteni muunga mifupa!" mtu akapiga kelele.

"Muunga mifupa ndiye huyu!"

"Basi atuelekeze! Usta, tufanyeje?"

"Kuti," Bahgat alisema kwa shida. "Leteni vijiti vya kuti… ute wa mayai… shikeni hapa, mvute…" Shinnawi, ambaye siku hiyo naye alikuwa amekuja kuswali, akashika mguu kwa moyo mkunjufu akavuta. Bahgat akatoa sauti iliyosikika mpaka ng'ambo ya mfereji.

"Niache! Niache! Hospitali! Nipelekeni hospitali! Nataka picha!"

Wakati wanamwinua, Bi Insaf alikuwa amechuchumaa kwenye kona na koleo lake. Alichovya kidole chini, akanusa. Akatazama upande wa kituo chake: pampu zote zimefungwa kamba, chini pakavu, maranda yamefagiwa. Akatazama upande wa pili, mpaka kwenye kizingiti cha kibanda, penye birika. Kisha akamtazama Bahgat. Bahgat akafumba macho. Bi Insaf alimwaga maranda, akayakanyaga kwa viatu vyake vya trekta, na alipopita kwenye kibanda alilichukua birika akaliweka ndani ya ndoo.

Hospitalini daktari kijana aliibandika picha kwenye kioo chenye taa. Bahgat, aliyekuwa amelewa sindano, alijiinua kwa viwiko. Mfupa wake ulikuwa pale, mweupe, umekatika mara mbili, vipande vimepishana kama watu wasiosalimiana.

"Ndivyo ulivyo?" aliuliza.

"Ndivyo ulivyo, mzee wangu."

"Mimi nimeushika miaka yote hii, mwanangu, lakini sikuwahi kuuona." Akatazama muda mrefu. "Mzuri," akasema, na machozi yakamtoka.

Walimfunga plasta kutoka kwenye kinena hadi vidoleni. Kurudi kwake Kafr Zahwan kulikuwa kama arusi. Wanawake walipiga vigelegele, Haji Zeinhom alichinja, na Labib alipachika vioo kwenye gari lililomleta. "Muunga mifupa kafungwa hogo!" watoto waliimba wakimfuata, nao walipigwa makofi na mama zao wamheshimu shujaa. Mawgud alikuja kila baada ya siku chache na kapu la mapera, na kila mara alimleta mwanawe mmojawapo abusu mkono wa mzee. Mapera yaliozea chini ya kitanda. Bahgat hakuweza kuyameza.

Bi Insaf alikuja siku moja mchana, Tafida akiwa sokoni. Aliweka birika juu ya meza, limesuguliwa mpaka linang'aa.

"Nimekuletea chombo chako."

Bahgat alitazama ukuta. "Umemwambia nani?"

"Sijamwambia mtu."

"Utasema?"

"Sijui kama ni langu la kusema. Jumamosi mkuu wa wilaya anakuja kukupa nishani. Mimi nitakaa nyuma, nitasikiliza tu. Ugua pole, kaka." Akatoka.

Usiku ule na wa pili yake Bahgat hakulala, na plasta haikuwa sababu. Jumamosi ilipofika walimbeba kwa kiti mpaka kituoni, chini ya turubai la rangi. Mkuu wa wilaya, mtu mfupi mwenye suti inayobana, alizungumza muda mrefu kuhusu usalama barabarani, ambao alisema ulianza kupatikana siku aliyoteuliwa. Haji Zeinhom naye alieleza jinsi alivyopigana na dizeli maisha yake yote. Kisha kipaza sauti kikawekwa mbele ya Bahgat.

Aliona Mawgud na mkewe mstari wa kwanza. Aliona Tafida amevaa vazi lake la arusi za watu. Nyuma kabisa Bi Insaf ameegemea pampu namba mbili.

"Jamaa zangu," alisema. "Hii nishani si yangu. Dizeli ile… niliyeimwaga ni mimi."

Watu wakatazamana.

"Niliimwaga mimi, kwa mkono wangu. Kazi ilikuwa imekufa. Nilitaka mtu aanguke."

Kisha mkuu wa wilaya akatoa leso, akajifuta macho.

"Mnasikia?" alisema kwa sauti ya kutetemeka. "Mnasikia unyenyekevu huu? Mtu amevunjika mguu kwa ajili yetu, na badala ya kujisifu anajitwika makosa ya mtaa mzima! Kila aliyemwaga dizeli hapa, mzee huyu anambebea!"

Makofi yalilipuka. Shinnawi, aliyemwaga zaidi ya wote, alibubujikwa na machozi. "Mimi ndiye niliyemwaga, Usta! Usinibebee! Ni mimi!"

"Si wewe, ni mimi! Kwa birika!" alipiga kelele Bahgat. "Birika la chai!"

"Hata birika la chai analitaja!" alisema Haji Zeinhom, akimkumbatia kichwa. "Ee Mola, tumeishi na walii na hatukujua!"

Mawgud alipiga magoti mbele ya kiti. Bahgat alimshika mabega. "Mwanangu, nisikilize wewe. Nilitaka mtu aumie. Ni kweli."

"Na mimi nilipokuwa naendesha nilikuwa namfikiria bata," alisema Mawgud. "Sote tuna dhambi zetu, mzee wangu." Akambusu mkono.

Nyuma kabisa, Bi Insaf alikuwa ameishika pampu kwa mikono miwili, uso umemwiva, mabega yanamtikisika kwa kicheko kisichotoa sauti.

Jioni ile Tafida alimvua mumewe kanzu, akaikunja, akasema bila kumtazama, "Mimi nimekuamini." Alilala upande wa ukuta, na ulipita muda mrefu kabla hajageuka tena kumtazama.

Bi Insaf alimpa kazi. Plasta ikiwa bado mguuni aliketishwa kwenye kiti kando ya pampu, mguu juu ya dumu, awatazame madereva. Alikuwa mkali kuliko sheria. "Imekata!" alimfokea Shinnawi. "Shuka kwenye bampa hilo! Unajua mfupa wa paja ukikatika unafananaje? Mimi nimeuona!" Na Shinnawi alishuka, kwa kuwa huwezi kubishana na walii. Waliovunjika, na sasa walikuwa wachache, Bahgat aliwaambia waende kwanza wakapige picha, kisha wamletee waitazame pamoja.

Wilaya nayo haikutulia. Majira ya kuchipua mafundi walikuja wakajenga jukwaa dogo kwenye kona, pale pale alipoangukia, wakaliwekea marumaru nyeupe iliyosuguliwa kama kioo, na jina lake katikati kwa dhahabu. Watu walivukia hapo kwenda msikitini. Asubuhi moja manyunyu yaliyochelewa yakashuka. Bahgat, anayetembea sasa kwa mkongojo, alimwona bibi mmoja mwenye kapu la mkate akikanyaga marumaru, akayumba, akashika hewa, akajiokoa.

Aliingia kibandani, akatoka na nyundo na patasi. Akajishusha chini taratibu, mguu mbovu umenyooshwa pembeni, akaanza kuichimba ile marumaru makovu, mstari baada ya mstari, ili unyayo upate pa kushika. Alianzia kwenye jina, kwa kuwa dhahabu ndiyo iliyoteleza zaidi.

Haji Zeinhom na mkuu wa msikiti walikuwa wanapita. Wakasimama chini ya mwavuli mmoja wakimtazama.

"Subhanallah," alinong'ona Haji. "Hata jina lake analifuta."

"Usta Bahgat!" aliita mkuu wa msikiti. "Kwa nini unafanya hivyo, kaka?"

"Panateleza!" alijibu Bahgat, bila kuinua kichwa.

Wakatazamana, wakatikisa vichwa vyao kwa heshima, wakaenda zao pembeni pembeni.